Doa jekundu chini ya gari la babu

Nyumba nyingi zina kitu kimoja cha mzee ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Kwa wengine ni redio, kwa wengine ni baiskeli. Kwetu ni Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, gia otomatiki, ya toleo lile lililoanza kuuzwa mwaka 1976 na kufikia karibu magari milioni 2.7 kabla halijasitishwa.

Mwaka huu gari hilo lilianza kuvuja. Kila asubuhi paliachwa doa jekundu kwenye sakafu ya sementi, upana wa kisosi, palepale anapochezea mwanangu wa miaka miwili tukienda kwa babu yake Jumamosi. Yeye aliliita juisi.

Mama akatoa uamuzi: gari liuzwe, la sivyo mjukuu asiletwe tena. Baba akanyamaza siku nzima. Wanaomjua wanajua kwamba kwake huko ndiko kukasirika.

Fundi wa kwanza alichungulia chini kwa dakika mbili, akasema giaboksi nzima ishushwe, sili ya mbele ibadilishwe. Gharama: Sh900,000. Kwa mstaafu hiyo si hela ndogo, lakini Baba alikuwa tayari kuitoa, maana gari na mjukuu wote anawataka.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na kila wiki nasikia madaktari wakilalamika juu ya watu wanaoanza dawa kabla ya kupima. Nikamuuliza, "Baba, nani ameona oili inatokea wapi hasa?" Hakuna aliyekuwa ameona.

Tukamwita fundi mwingine, mzee mwenzake Baba. Kwanza aliweka kadibodi chini ya gari usiku kucha, akaweka alama mahali matairi yalipo. Asubuhi akagusa tone na kulinusa. Oili ya giaboksi otomatiki hutiwa rangi nyekundu. Ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Yetu ilikuwa bado nyekundu na haikunuka kuungua. Hiyo ilikuwa habari njema.

Akapima kiasi chake: gari mahali tambarare, giaboksi ina moto, injini inaunguruma, gia kwenye P. Ilikuwa chini ya alama. Alituonya kwamba ikipungua zaidi, gia zinaanza kuteleza na kuunguza sahani za klachi za ndani, na hapo ndipo gharama kubwa huja.

Kisha akaosha giaboksi yote, akaikausha, akaomba poda ya mtoto. Nilidhani anatania. Akaipaka kila upande, akaendesha gari dakika kumi na tano, akarudi. Upepo wa barabarani husukuma oili nyuma, alisema, hivyo linapodondokea tone sipo lilipoanzia. Tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa.

Kwa mbele, poda ilikuwa kavu. Gasketi ya sampo, kavu. Mabomba yanayopeleka oili kwenye rejeta, makavu. Mstari mwekundu ulianzia kwenye kifaa kidogo cha umeme kilichofungwa ubavuni, kile kinachoiambia giaboksi ishuke gia ukikanyaga mafuta hadi mwisho. Mpira wake wa duara ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama plastiki, baada ya miaka 40 ya joto.

Mpira mpya, oili ya kujazia na ufundi, vyote havikufika Sh80,000.

Baba alitaka kuingia chini mwenyewe. Fundi alimkubalia aangalie tu, tena baada ya gari kukalishwa juu ya stendi imara na matairi kuzuiwa. Jeki peke yake ni ya kuinulia gari. Hailindi mtu aliye chini yake. Mtoto alibaki ndani na bibi yake.

Sasa lile neno "juisi". Oili, mafuta ya taa na petroli vina hatari moja kubwa kwa mtoto: vikiteleza kuingia kwenye mapafu, wakati wa kumeza au kutapika, vinaweza kuleta homa kali ya mapafu. Kwa hiyo mtoto akimeza, usimtapishe, na usimlazimishe kunywa maziwa kama wengi wetu tulivyozoea kusikia. Mpangusie mdomo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya na kopo la bidhaa aliyomeza. Akikohoa, akipaliwa au akihema kwa shida, usisubiri hata kidogo.

Na oili inayobaki isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaijua chupa, haijui oili. Iache kwenye kopo lake, mahali asipofika. Doa la sakafuni limwagie mchanga au pumba za mbao, zoa, kisha sugua kwa sabuni ya unga.

Wiki ya tatu sasa, kadibodi ni kavu. Mama hajasema lolote kuhusu kuuza. Ijumaa iliyopita alinipigia simu mwenyewe kuuliza, "Kesho mnamleta saa ngapi?"