Pumzi ya Injini

Injini hula na kupumua. Na katika mambo hayo mawili, pumzi ndiyo isahauliwayo. Mwenye gari huijua bei ya dizeli hata usingizini, lakini hewa haina bei, kwa hiyo haipewi heshima. Walakini, injini ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 2,800 za hewa katika dakika hiyo moja. Lolote lililomo katika hewa hiyo huingia pamoja nayo.

Nzuguni, penye viwanja vya Nanenane na Soko la Job Ndugai, iko katika nyanda za Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ya upepo na vumbi. Basi si ajabu mwenye pikapu kuukuu, achukuaye alizeti na saruji, akiona gari lake linatweta mlimani, atamani kuliongezea pumzi kwa gharama ndogo.

Mtu mmoja wa hapo alifanya hivyo. Alilitoboa boksi la chujio, yaani ea klina kama mafundi waitavyo, ili hewa ipite kwa wingi. Gari likavuma kama lori, naye akafurahi, kwani mvumo hudhaniwa nguvu. Kumbe matundu yalivuta hewa ya chini ya boneti, ambayo ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Tena baadhi yake yalikuwa upande wa pili wa chujio, vumbi likapita bila kizuizi. Kabla kiangazi hakijaisha, injini ilikunywa oili, ikatoa moshi wa samawati, na asubuhi haikuwaka ila kwa kusukumwa. Ilipofunguliwa, ringi zilikuwa zimelika na silinda zimekwaruzika. Fedha iliyowekwa kwa ada ya shule ya binti yake ikaenda kwa mchongaji wa bloku.

Ardhi ya nyanda hizi ilikwisha kutoa funzo hilo. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwa mashine nyingi. Udongo wenye mchanga mkali ukazila plau zao. Udongo ulao chuma cha plau hautauonea huruma ukuta wa silinda uliolainishwa kwa utando wa oili.

Baada ya hasara, mtu yule hakuacha nia yake; aliibadili njia. Alinunua boksi kuukuu lisilo na tundu, akabadili mpira wa mfuniko wake, akakaza klipu za hozi. Kisha akaunganisha bomba la plastiki, pana kama mdomo wa asili, akalipandisha kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ambako hewa ni baridi na vumbi la magurudumu ni haba. Mdomo wake aliuelekeza nyuma, mvua isiingie. Kila Jumamosi hupitisha kitambaa cheupe ndani ya hozi iliyo baada ya chujio: kikitoka cheupe, hushukuru, kikitoka na wekundu, hutafuta ufa kabla ya kuliwasha gari. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pikapu haikupata mbio mpya. Hupanda mlima kwa pole zile zile ilizotoka nazo kiwandani, wala haivumi. Lakini oili hukaa kwenye alama yake mwezi hata mwezi, na ada hulipwa kwa wakati.