Hadithi Nyingi Kwenye Simu, Hata Moja Haijaisha

Mashoga, sisi tunaoandika hadithi tunajuana. Kwenye simu kuna ya bi harusi aliyetoroka, imeishia ukurasa wa nne. Kuna ya wake wenza wenye duka la vitambaa Darajani, imeishia katikati ya ugomvi. Na juzi limekuja wazo la jini wa Chwaka, tumeshaliandikia kurasa mbili.

Tukiulizwa, tunasema kuandika ni uhuru. Na ni kweli. Mchana kutwa ni wa watu: watoto wa chuoni, jiko, wageni wasiopiga hodi. Saa nne za usiku ndiyo saa yetu, nani atataka kujiwekea amri tena?

Lakini kuna jambo hatulisemi. Hadithi isiyokwisha haisomwi na mtu, basi haimkasirishi mtu. Ikiisha tu, wifi atauliza: "Huyu mama mkwe mchoyo uliyemuandika, ndiye mama?" Kisiwa chenyewe hiki, kila mtu ni ndugu wa mtu. Ndiyo maana tukifika pale mama mkwe anapoumbuka, ghafla linatujia wazo la jini. Tunauita uhuru, kumbe mara nyingi ni hofu. (Jini hana wifi.)

Anayesuka ukili hupiga soga, hucheka, huchanganya rangi za miyaa apendavyo. Kazi inayochosha ni kuushona ukili uwe mkeka, maana hapo kila ukingo lazima ukutane na mwenzake. Lakini ukili haulaliwi.

Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, aliipeleka Mzimu wa Watu wa Kale mashindanoni ikashinda, kisha mwaka 1960 ikatoka kitabu. Mashindano yana tarehe, na hadithi ya upelelezi haiwezi kumwacha msomaji bila kumjua muuaji. Karibu zaidi na sisi yupo Zainab Alwi Baharoon, aliyepata tuzo ya Mabati-Cornell kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwa. Tuzo haipewi mtu kwa sura tatu nzuri.

Basi tufanyeje? Maneno 300 kwa usiku, kwa siku 100, ni maneno 30,000. Hiyo ni riwaya fupi. Wazo jipya likija tuliandikie mistari mitatu pembeni, kisha turudi kwenye ya zamani. Na uhuru tuuingize humo humo ndani: usiku huu ukitaka ugomvi, andika ugomvi, harusi itaandikwa kesho. Hakuna aliyesema lazima tuanzie mwanzo.

Na kuhusu wifi, tuandike kwanza kama tulivyoona, mpaka mwisho. Kubadilisha kuje baadaye. Mama mkwe anaweza kuhamishiwa Tanga, akawa shangazi, akapewa mguu mbovu na duka la baiskeli. Uchoyo tu ndio asinyang'anywe.