Rimoti ya Baba: Vitufe Vitatu Vimetosha

Leo naandika juu ya kitu ambacho sisi watu wa programu hukidharau: rimoti. Swali lenyewe ni rahisi. Umeunganisha kompyuta na runinga sebuleni, kompyuta ina sinema na nyimbo zako zote. Sasa utaiongoza kwa nini ukiwa umekaa kwenye kiti? Nilidhani najua jibu. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni kuandika programu. Nyumbani kwetu Garsen nikafundishwa upya.

Tuanze na sababu ya mashine yenyewe. Mwaka 2022 baba yangu alipata kiharusi. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Upande wa kulia ulilegea, mkono wa kushoto ukabaki na mtetemo kidogo, na maneno yake yakawa machache. Miaka yake ya kazi alikuwa mwalimu wa kwaya, na chini ya kitanda alikuwa na sanduku la kanda za VHS za wanafunzi wake wakiimba kwenye mashindano ya shule. Nilizichukua hadi Mombasa ninakoishi, nikazigeuza faili moja moja kabla ukungu haujazimaliza. Zilipatikana kanda 23.

Faili hizo niliziweka kwenye flashi, flashi nikaichomeka kwenye Raspberry Pi 3 niliyokuwa nayo tangu chuo, na juu yake nikaweka Kodi. Kwa wasioijua, Kodi ni programu huria ya kuchezesha video na muziki. Ilizaliwa kwenye Xbox ya kwanza ya Microsoft ikiitwa XBMC, na jina la Kodi ilipewa mwaka 2014. Tangu mwanzo ilichorwa ili isomwe na mtu aliyekaa mbali na kioo, kama mita 3 hivi. Kwa hiyo upande wa kuonekana hauna shida. Shida ni upande wa mkono.

Njia nilizozijaribu

Ya kwanza ni simu. Ipo programu rasmi ya Android iitwayo Kore, ambayo hutuma amri kwa Kodi kupitia Wi-Fi. Mimi naipenda sana. Lakini hesabu vitu ambavyo lazima viwe hai kwa wakati mmoja: simu iwe na chaji, ruta iwe imewaka, Pi iwe imewaka, na vyote vionane. Stima ikikatika na kurudi, kila kimoja huamka kwa wakati wake. Halafu kioo cha simu ni laini kote, huwezi kupapasa ukajua kitufe kiko wapi. Baba alilazimika kuvaa miwani kutazama simu, kuivua kutazama runinga, na kidole kikitetemeka simu inaelewa kwamba anataka kutelezesha ukurasa.

Ya pili ni kibodi ndogo isiyo na waya, na ndugu yake, kile kipanya unachokipunga hewani. Kibodi ina vitufe zaidi ya 80 kwa mtu anayehitaji vichache. Kipanya cha hewani kinafuata mtetemo wa mkono, mshale ukawa unarukaruka kama panzi. Tulicheka wote, baba naye akacheka, lakini ndiyo ikawa mwisho wake.

Ya tatu ni infraredi, yaani rimoti ya kawaida pamoja na kipokezi kidogo ambacho unakiunganisha na pini za Pi. Rimoti nyingi huwasha na kuzima taa yake kwa kasi ya karibu mara 38,000 kwa sekunde, ili kipokezi kiitofautishe na mwanga mwingine. Tatizo hilo la mwanga ni la zamani. Rimoti ya Flash-Matic, aliyoibuni Eugene Polley wa kampuni ya Zenith ya Marekani mwaka 1955, ilikuwa kama tochi: unamulika pembe za runinga. Jua likiingia dirishani nalo linaweza kubadilisha stesheni. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaleta Space Command, ambayo haikuwa hata na betri. Unabonyeza, nyundo ndogo inagonga fimbo ya alumini, na runinga inasikia sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Infraredi ya leo imetengenezwa vizuri zaidi, lakini sebule yetu inatazama magharibi na jua la jioni la Garsen mnalijua. Kipokezi changu cha bei nafuu kilikuwa kipofu kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, na huo ndio wakati baba anapenda kutazama.

Ya nne ni CEC. Ndani ya waya wa HDMI kuna njia moja, pini namba 13, ambayo vifaa huitumia kuzungumza. Kwa njia hiyo rimoti ya runinga inaweza kuiongoza Kodi bila kununua kitu. Kampuni kila moja imeipa jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink. Nikaiwasha, mishale ikafanya kazi, kitufe cha OK kikafanya kazi. Bei ni sifuri! Nikajipongeza, nikampa baba rimoti, nikapanda basi kurudi Mombasa.

"Iko sawa"

Nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili.

"Shikamoo Baba. Runinga inafanya kazi?"

"Marahaba. Iko sawa."

Wiki tatu zikapita hivyo. Siku moja nikaingia kwenye Pi kwa mbali ili kusasisha programu. Kodi ina hifadhidata yake, na ndani yake kila faili huandikiwa tarehe iliyochezwa mara ya mwisho. Sijui ni kitu gani kilinifanya niitazame. Faili ya mwisho kuchezwa ilikuwa ya siku moja baada ya mimi kuondoka. Tangu siku hiyo, hakuna kitu.

Nikampigia mama.

"Alibonyeza kitu picha ikapotea," akasema. "Nikamwambia nimwite kijana wa jirani aje airekebishe. Hakutaka, mwanangu. Siku hizi anakaa barazani tu."

Nilielewa palepale. Rimoti ya runinga ina kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha, na kinakaa karibu na mishale. Ukikigusa bahati mbaya, Kodi inaondoka na unaambiwa hakuna mawimbi. Kwangu mimi ni sekunde 2 kurudi. Kwa baba ilikuwa ni kumwita mtoto wa watu amsaidie kutazama kanda zake mwenyewe. Yeye aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma. Akaona heri aache. Na mimi nikiuliza, ananijibu iko sawa ili nisijisikie vibaya.

Kwa kweli nilijisikia vibaya zaidi kuliko kama angenigombeza.

Kuanza upya

Agosti 2023 nilichukua likizo nikaenda nyumbani. Safari hii sikuanza na kifaa. Nilichukua daftari, nikaandika mambo ambayo baba anataka kufanya. Yalikuwa matatu: kuanzisha au kusimamisha, kurudia kipande, kwenda wimbo unaofuata. Basi. Menyu zote nzuri za Kodi, mabango ya sinema, hali ya hewa, yeye hazimhusu.

Nikanunua kibodi ndogo ya namba tu, ya USB, yenye waya. Ndiyo, yenye waya! Waya hauhitaji betri, haupotei chini ya makochi, na haujali kama ruta imelala. Nikaurefusha ukafika kwenye mkono wa kushoto wa kiti chake. Seremala akanikatia kipande cha mbao cha kufunika vitufe vyote, akaacha matundu matatu. Juu ya vitufe vitatu vilivyobaki nikabandika vipande vya kandambili kuukuu: kimoja cha duara, kimoja cha mraba, kimoja kirefu. Sasa kidole kinajua kilipo bila macho.

Upande wa programu ulikuwa mistari isiyofika 100 ya Python. Inasoma kibodi kupitia evdev na kuishika peke yake, ili Kodi isipokee kitufe kilekile mara mbili. Kitufe kikibonyezwa, Linux hutoa namba 1. Kikiachwa, 0. Kikiendelea kushikiliwa, 2. Mimi nasikiliza 1 tu, na baada ya hapo napuuza kila kitu kwa sekunde 0.8. Hivyo mkono ukitetemeka au ukichelewa kuondoka, Kodi inapata amri moja tu, kwa njia ileile ya JSON-RPC ambayo simu huitumia.

CEC nayo sikuitupa, niliigeuza tu. Badala ya runinga kuiongoza Kodi, sasa baba akigusa kitufe chochote, Kodi ndiyo inayoiamsha runinga na kuivuta kwenye picha yake. Rimoti ya runinga iko kwenye droo ya mama.

Mwisho nikashughulikia stima. Pi haipendi kukatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika kwenye kadi yake. Nikaufanya mfumo wote uwe wa kusomwa tu, isipokuwa flashi ndogo inayobeba hifadhidata. Stima ikirudi inaamka yenyewe, inapakia kanda ya mwisho, inasubiri.

Siku ya majaribio baba alibonyeza duara, wanafunzi wakaanza kuimba. Akabonyeza mraba, wimbo ukarudi nyuma sekunde 10 kama nilivyopanga. Akatikisa kichwa. Akabonyeza tena na tena, kisha akanitazama.

"Beti," akasema.

Sikuelewa. Akarudia, "Beti moja."

Sekunde 10 ni kipimo cha watu wa sinema. Mwalimu wa kwaya anarudia beti. Tukakaa na saa tukapima beti kadhaa, nikaweka sekunde 25. Akajaribu, akaitikia kwa kichwa. Katika kazi yote hiyo, maelezo bora ya mteja yalikuwa maneno mawili.

Maji

Novemba 2023 ikaja mvua ya El Niño. Mto Tana ulifurika, na barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ikafunikwa na maji upande wa Gamba na Lango la Simba. Watu wa mashamba ya ukingoni walihamia sehemu za juu. Kwetu maji hayakuingia ndani, lakini mtandao ulikuwa wa kupotea na kurudi, stima vilevile, nami nikaambiwa kazini na stendi pia: subiri kwanza. Kwa siku kadhaa sikuweza kumpata mama kwa simu.

Nikiwa nasubiri nilifikiria jambo moja ambalo chuo halifundishwi vya kutosha. Kifaa kizuri si kile kinachofanya kazi fundi akiwa amekaa kando. Ni kile kinachofanya kazi fundi akiwa ng'ambo ya maji.

Mtandao uliporudi, baada ya kuongea na mama na kujua wote wazima, niliingia kwenye Pi. Kila siku ambayo stima ilikuwepo, kanda zilichezwa. Hakuna aliyeitwa kusaidia. Programu yangu ilikuwa pia inaandika kila kitufe kilichobonyezwa, ili nijue makosa yako wapi. Nikaona jambo la ajabu: jioni moja kitufe cha mraba kilibonyezwa mara 14 kwenye faili ileile, karibu na dakika ya sita.

Nikadhani ni kosa langu, labda ile sekunde 0.8 haitoshi. Nikafungua nakala yangu ya kanda hiyo. Dakika ya sita mpiga picha anawaacha watoto kidogo, anageuza kamera upande wa mwalimu. Baba ana shati jeupe. Mkono wa kulia uko juu, unaongoza, kisha unashuka polepole na sauti zinashuka nao. Beti moja tu, halafu kamera inarudi kwa watoto.

Halikuwa kosa la programu.

Sikumwuliza. Jioni hiyo nilifuta sehemu yote inayoandika vitufe. Nimebakiza ujumbe mmoja tu kwa siku, unaoniambia kwamba mashine iko hai. Baba akisema iko sawa, sasa nina sababu ya kumwamini, na mengine ni yake.

Kwa hiyo njia bora ni ipi?

Kama ni wewe, kijana mwenye Wi-Fi nzuri, tumia simu. Kama runinga yako inaelewa CEC vizuri, jaribu hiyo kwanza kwa sababu ni bure. Lakini kama ni ya mzazi, usianze dukani. Kaa naye, hesabu anachotaka kufanya, kisha ondoa kila kitu kingine, hata kama unakipenda. Na ukiambiwa iko sawa, hakikisha kwa upole.

Mama naye ameleta ombi: anataka kitufe chake cha redio, asubuhi asikilize habari bila kunisumbua. Seremala ameshaambiwa. Tundu la nne tutalitoboa nikienda likizo ya Desemba, na kandambili kuukuu ipo.