Gogo la Ujiji katika Maji ya Tabora



Tabora haina ziwa, lakini mambo ya ziwa yamepita mlangoni petu tangu zamani: kwanza mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri kati ya Ujiji na Bagamoyo, kisha kwa reli, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliotufikia safari hii ni mdogo. Ni gogo moja, urefu wa mkono, lililookotwa ufukoni Ujiji. Vijana wa parokia wanataka kulitia katika tangi la kioo la kufugia samaki, nao wameuliza huandaliwaje. Tumeona tuwajibu hapa, kwa kuwa haraka katika kazi hii huweza kuua samaki wote kwa usiku mmoja.

Gogo la ufukoni hudanganya macho. Jua limelikausha na mawimbi yamelisugua hata likawa jeupe kama mfupa, nasi tukadhani ni safi. Swali la kwanza ni: huu ni mti gani? Wazee wetu walijua kwamba majani ya utupa yakipondwa na kutiwa kijitoni hulewesha samaki, na utomvu wa mnyaa vilevile ni sumu kwao. Mti usiojulikana na ubaki nje. Vipande vya mninga kutoka kwa maseremala wetu navyo tusivikimbilie. Utomvu wake ni mwekundu kama damu. Hili la Ujiji, fundi mmoja mzee alilikwangua, akalinusa, akasema ni mpera. Tuliridhika.

Baada ya hapo magome na sehemu zilizooza huondolewa, na gogo husuguliwa kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni isiguse kabisa, maana mti huinywa na kuitoa baadaye. Kisha lichemshwe kwa saa kadhaa. Likizidi sufuria, limiminiwe maji yanayochemka mara kwa mara. Mwisho huloweshwa katika pipa kwa majuma, maji yakibadilishwa kila yanapogeuka rangi ya chai. Rangi hiyo ni tanini, ule ukakasi wa magome. Gogo jepesi litaelea. Lifungwe kwenye jiwe bapa hadi lishibe maji. Utando mweupe ukijitokeza juu yake, tusiogope, husuguliwa ukaisha.

Hadi hapo vijana walikuwa nasi. Tulitofautiana tuliposikia samaki wanaowataka: wale wadogo wa rangi nzuri wa Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Tanini huyavuta maji kuelekea uchachu. Tena samaki hao wengi huishi kwenye miamba, na wengine hujificha ndani ya makombe matupu ya konokono.

“Mbona gogo lenyewe limetoka ziwani?” aliuliza mmoja wao. Swali zuri! Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi. Rangi ya gogo moja humo ni kama haipo. Katika tangi la lita 100, gogo lilelile hutawala maji yote. Na hata ziwa lina mpaka wa uvumilivu wake: milima ikifyekwa miti, mvua huporomosha udongo unaofunika miamba ya pwani, na samaki wa miambani hukosa makao.

Kwa hiyo tumewashauri waweke mawe na makombe kwa samaki wa Tanganyika, na gogo walihifadhi kwa perege wadogo wa mabwawa yetu, wasiodai mengi. Mawe wamekubali. Kuhusu gogo bado wananung’unika, na pipa lipo nyuma ya jiko, juma la tatu sasa, maji yake yangali rangi ya chai.