Silabi sita za Mchangamdogo

Wiki hii bwenini kwetu hapa Pemba hakulaliki, ugomvi ni silabi. Tunatunga shairi la kuwaaga wa mwaka wa tatu, mizani 8 kwa 8, na wazee wamealikwa kusikiliza. Kipande kimoja niliandika "Toka Mchangamdogo". Mwenzangu wa bara akadai ni mizani sita tu: to-ka-mcha-nga-mdo-go. Akachomeka "kwetu" katikati, ati kijae.

Jamani, hiyo "m" si pambo! Zamani ilikuwa "mu", irabu imeanguka lakini silabi imebaki. Siyo kama ya "mbali", ambayo imeshikana na b. Basi hesabu: m-cha-nga-m-do-go, sita, tia "toka", nane kamili.

Mkazo nao una mambo. Ukisema mchanga mdogo kwa kuachanisha, sauti inapanda mara mbili, kwenye "cha" na kwenye "do", na huo ni mchanga tu. Ukiunganisha, mkazo mkuu ni mmoja, kwenye "do", na hapo ushafika Wete. (Kipolandi nacho kwa kawaida hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Hatuko peke yetu.)

Pemba hii ya Kamange na Sarahani, tukawasomee watu mizani kumi penye nane? Nikamwambia aimbe. Kikamkwama kooni, akakifuta "kwetu" mwenyewe.

Sasa kahamia "mwananchi", anasema silabi tatu. Nyie mnahesabu ngapi?