Ubao wa Mwembe na Mawimbi ya Malindi

Mwaka 1975, katika likizo ya Agosti, pepo za kusi zikivuma kwa nguvu zao zote na mwezi wa Shaaban ukiwa umekwisha kuandama, mimi na mtoto wa ami yangu tulitoka Mombasa kwenda Malindi kupanda mawimbi, nasi rasilmali yetu yote ilikuwa noti mbili za shilingi ishirini, kikapu cha mahamri tuliyopikiwa na mama, na ubao mmoja wa mwembe ambao mjomba wangu, fundi wa mashua, alikuwa ameuchonga kwa tezo kwa muda wa juma zima. Urefu wake ulinifika kifuani na unene wake haukuzidi kidole gumba; kichwa chake kilipinda juu kidogo, kwani mjomba alikimwagia maji ya moto, akakibana baina ya mawe mawili na kukiacha hivyo siku tatu. Kisha akaupaka ubao wote sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo vyombo vya bahari, harufu yake ikawa inatangulia mbele yetu kila tulikoingia.

"Mwanangu," aliniambia akinikabidhi, "usiuanike juani, utapasuka. Uweke kivulini, na kila juma uupake."

Basi letu lilipita juu ya daraja la Nyali, si hili la sasa lililofunguliwa mwaka 1980, bali lile la mwaka 1931 lililoelea majini, likipanda maji yakijaa na kushuka maji yakipwa. Basi letu likakata mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu kwa safu zisizo na mwisho, hata tukafika Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi, ambapo njia ilikatika na hapakuwa na budi ila kushuka na kungoja feri. Siku ile tulingoja yapata saa mbili. Hapo palikuwa na korosho za kuchoma zilizofungwa kwa karatasi, na madafu, na mzee mwenye dele la kahawa akigonganisha vikombe. Na akina mama wa Kigiriama waliokaa juu ya mizigo yao wakizungumza na watu ambao hawakupata kuwaona kabla ya asubuhi ile. Mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti kuukuu alitutazama, akautazama na ubao wetu, kisha akauliza sisi ni wana wa nani, na baba zetu wakaa mtaa gani, na huo mti ni wa kazi gani. Tukamjibu kwa adabu. Akamtaja babu yangu kwa jina, maana waliwahi kusafiri pamoja chombo kimoja hadi Lamu, na kabla feri haijagusa ng'ambo ya pili tulikuwa tumekwisha kupata mahali pa kulala Malindi siku tano, bila ya kudaiwa hata senti moja.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo pamoja nami, kwa sababu katika miaka mingi ya kwenda na kurudi pwani hii kwa fedha chache, sikupata kuona nyumba ya wageni iliyo rahisi kuliko ule ungojaji wa feri. Urahisi wa safari zetu haukutoka katika nauli. Ulitoka katika kule kukwama pamoja, tajiri na fukara, hata watu wakalazimika kuulizana hali.

Malindi ina mawimbi kwa sababu iliyo wazi kwa kila mvuvi. Mwamba unaofuata pwani yetu kama ukuta huvunja nguvu ya bahari kuu kabla haijafika ufuoni, lakini mbele ya ghuba ya Malindi ukuta huo umekatika, kwa kuwa karibu na hapo mto Sabaki humwaga maji matamu na tope, na matumbawe hayapendi hayo mawili. Basi kusi ikivuma, mawimbi huingia bila ya kizuizi. Mwenyeji wetu alitupeleka pwani baada ya sala ya alfajiri, akatukataza kugusa maji mpaka tuwe tumeyatazama kwa kitambo. Alituonyesha pale ambapo povu halikuwapo na maji yalikuwa yakirudi nje kimyakimya, akasema huo ndio mkondo, na mtu akishikwa nao asishindane nao, aogelee kufuata ufuo mpaka umwachie. Alitufunza kuhesabu, maana mawimbi huja kwa makundi, makubwa yakiandamana, kisha huwa kituo.

Wimbi langu la kwanza nalikumbuka kwa tumbo zaidi kuliko kwa macho: ubao ulipiga mtetemo chini ya mbavu, mchanga ukapita chini yangu kwa kasi, sauti zote zikanyamaza isipokuwa ule mchachato wa maji masikioni, na nilipofungua macho nilikuwa nimelala juu ya mchanga mkavu, ubao bado mikononi.

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991, feri ikaondoka. Silililii hilo, kwani nimeona kwa macho yangu mgonjwa akingoja usiku kucha ng'ambo akitafuta hospitali, na asiyeona hivyo ndiye atakayeitamani feri irudi. Lakini tangu siku ile niliingia Malindi bila ya kujulikana na mtu yeyote wa safari yangu, nikalipa chumba.

Walakini lililonishtua zaidi si njia, ni bahari yenyewe. Sabaki ndio ule ule Athi unaotoka bara na kuitwa Galana katikati, na kwa miaka mingi, kadiri miteremko ya huko juu ilivyolimwa na kuachwa uchi, ndivyo mto ulivyozidi kuteremsha udongo. Wakati wa kaskazi maji mekundu husukumwa kusini mpaka kwenye matumbawe ya ile hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Mchanga umejilimbika katika ghuba, ufuo umepanuka, na nyumba zilizokuwa zikirushiwa chumvi dirishani sasa zinatazama vichuguu vya mchanga na majani yatambaayo.

Agosti iliyopita nilikwenda na mjukuu wangu. Tulitoka Mombasa kwa matatu, tukavuka Kilifi naye yu usingizini. Vijana wa siku hizi wana mbao nyepesi za povu lililoganda, na huko Watamu huvutwa na tiara kubwa juu ya maji, jambo zuri kulitazama; lakini mimi nilikuwa nimeuchukua ule wa mwembe, na sifa niliitafuta siku mbili mjini kabla ya kuipata. Nilisimama pale tulipokuwa tukiingilia majini zamani, kwenye ukuta wa mawe ambao nina yakini nao, nikahesabu hatua mpaka pwaji: zilipita mia mbili. Mtoto alinishika mkono, maji yakatufika magotini, kisha kiunoni, akiukumbatia ubao kama nilivyomwelekeza.

"Babu, tupande hili?"

Nikamwambia angoje, bado mawili.