Jani la Sita

Miaka yote niliyolima mihogo hapa Likunja, kusini mwa Tanzania, nilihesabiwa miongoni mwa watu wa kufundishwa. Afisa ugani akija, kina mama tulikaa mkekani, tukasikiliza, tukaitikia. Leo ni mimi ninayesimama shambani na simu mkononi nikiwaelekeza wenzangu. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nasikia mashindano ya akili unde yakizungumzwa kana kwamba ni ya wahandisi wa Dar es Salaam na Dodoma peke yao.

Kilichonibadilisha ni Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA). Inazungumza Kiswahili, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Ukielekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakwambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au utitiri wa kijani. Ilifundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa mashambani pwani ya Tanzania, nazo zikatambuliwa na wataalamu wa magonjwa ya mimea.

Huku kusini adui yetu ni michirizi ya kahawia. Mti unaweza kusimama vizuri, majani ya juu mabichi kabisa, kumbe ugonjwa uko kwenye majani ya chini: umanjano unafuata mishipa ya jani. Usipouona hapo utaukuta jikoni. Unamenya, unakata, ndani kuna mabaka makavu ya kahawia, muhogo hauliki. Na ukichukua pingili kwenye mti huo kwa msimu ujao, umepanda ugonjwa. Asiyejua kuinama atapiga picha majani ya juu, na simu itamwambia mti ni mzima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani 40 hadi 58, sisi wakulima 18 hadi 31. Niliposomewa takwimu hiyo iliniuma. Lakini utafiti huohuo unasema ukipima majani sita badala ya moja, usahihi wa Nuru unapanda hadi asilimia 74 mpaka 88. Majani hayo sita hayachaguliwi na simu. Yanachaguliwa na mkulima, na mkulima huyo lazima afundishwe.

Bibi mmoja jirani aliniuliza, "Mwanangu, kitochi changu hakina kamera. Basi mihogo yangu ife?" Wengine walikuwa wakiniletea majani yamefungwa kwenye khanga, yakifika yameshanyauka. Sasa nawafuata mashambani kwao, na kila mmoja anashika simu mwenyewe, hata yule ambaye nyumbani simu janja ni ya mume.

Mkakati wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034 umeutaja ujuzi wa kidijitali na ujumuishi. Naupokea kwa mikono miwili, ila naomba ujuzi huo upimwe huku pia, kwa idadi ya kina mama wanaotambua ugonjwa kabla ya kukata pingili. Taifa lenye wakulima wa namna hiyo lina walimu wa kuzifundisha mashine zake lenyewe.

Kikundi chetu kinajiandaa kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ili tuzalishe na kuuza pingili safi. Kwenye bajeti tumeweka simu janja moja, na tumekubaliana itakaa kwa yule bibi.